Jinsi nilivyopata tundu la kiusalama kwenye GPS ya gari

Mwaka 2015 Charlie Miller na Chris Valasek waliikatisha nguvu Jeep Cherokee barabara kuu huko Marekani, wakiwa mbali nayo, kupitia redio yake yenye intaneti. Magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Mitumba yetu mingi ya Japani haina redio ya namna hiyo. Intaneti tunaifunga wenyewe: kile kiboksi cha GPS chini ya dashibodi, chenye laini ya simu na relei, yaani swichi ya umeme, ya kukata pampu ya mafuta gari likiibwa. Nikaamua kuchunguza hapo.

Kwanza kibali, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina utani. Kampuni iliyotufungia ilikubali kwa maandishi: nijaribu kwa akaunti mbili tu, yangu na ya shemeji.

Nilipitisha mawasiliano ya programu ya simu kwenye kompyuta, kwa Burp Suite, programu ya kunasa mawasiliano ya namna hiyo, nikasoma kila ombi linalokwenda kwenye seva. Ombi la kuuliza gari liko wapi lilibeba IMEI, namba ya utambulisho ya kifaa. Nikiwa ndani ya akaunti yangu, nikaitoa yangu nikaweka ya shemeji. Ramani ikaruka kutoka Tabata, nilikoacha gari langu, hadi Kigamboni, uani kwake tulipokuwa. Seva ilihakiki kwamba nimeingia. Haikuuliza gari ni la nani. Nissan Leaf ilikumbwa na jambo la jamii hiyo mwaka 2016, namba ya chasi pekee ikitosha kumwashia mtu kiyoyozi.

Ikabaki amri ya kuzima. Gari limeegeshwa, injini inanguruma, shemeji yuko kwenye usukani. Nikatuma. Relei ikalia tik, injini ikakohoa, ikafa.

"Shem, mtu akinifanyia hivi nikiwa darajani na watoto?"

Swali lake nililiweka juu kabisa ya ripoti. Nikaeleza pia kwamba vifaa vinavyonunuliwa kwa mkupuo mara nyingi huwa na IMEI zinazofuatana, hivyo kubahatisha ya jirani si kazi. Wakarekebisha, nilipojaribu tena, seva ilinikatalia.

Kisha nikawaonyesha nywila ya amri za SMS: 123456, kama ilivyotoka kiwandani. Sasa fundi wao anaibadilisha mteja akiwa amesimama hapohapo, kabla hajafunika dashibodi.