Dubai–Guangzhou: hesabu ya saa inayowachanganya wengi

Wanaofuata mzigo China kupitia Dubai, hili ni lenu. Kwa mstari mfupi kabisa ni kama kilomita 5,830. Kwenda ni takriban saa saba na nusu. Kurudi, saa nane na zaidi, kwa sababu pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi: ukienda zinakusukuma, ukirudi zinakupiga usoni, hasa miezi ya baridi. Muda wa kwenye tiketi unajumuisha na ule wa ndege kutambaa uwanjani.

Sasa saa za ukutani. Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa nne. Ukiondoka Dubai saa nne asubuhi, unafika saa tatu na nusu usiku. Siku imeliwa, hoteli tu. Ukirudi kwa ndege ya usiku wa manane, unatua Dubai kwenye saa kumi na nusu alfajiri.

Kosa linalogharimu watu tiketi: imeandikwa 00:15 tarehe 15. Huo ni usiku wa kuamkia tarehe 15, jamani! Uwanjani unatakiwa tarehe 14, saa tatu usiku. Ukienda jioni ya tarehe 15, ndege ilishaondoka jana yake usiku.