Kujifunza Kuona: Safari Yangu ya Nordschleife

Katika milima ya Eifel, magharibi mwa Ujerumani, unapita misitu na vijiji vilivyotulia, kisha juu ya kilima inajitokeza ngome kuukuu ya Nürburg. Nordschleife inaizunguka ngome hiyo. Uwanja huu wa mbio za magari ulifunguliwa mwaka 1927, una urefu wa kilomita 20.8, na kutoka sehemu ya chini kabisa hadi ya juu kuna tofauti ya mita 300 hivi. Jackie Stewart, bingwa wa dunia wa Formula One mara tatu, aliuita Jehanamu ya Kijani. Nilikwenda huko kusoma udereva wa kasi.

Darasani hatukukaa sana. Tulifundishwa namna ya kukaa kwenye kiti, na tukaelezwa kuhusu breki: zikanyage kwa nguvu gari likiwa limenyooka, kisha ziachie taratibu unapoingia kona, maana uzito uliohamia mbele ndio unaozipa tairi za mbele mshiko. Ukiachia breki ghafla, uzito unarudi nyuma na gari linakataa kukata kona.

Uwanja wenyewe haufundishwi wote kwa mkupuo. Umegawanywa vipande, na kila kikundi kinarudia kipande kimoja nyuma ya gari la mkufunzi hadi kikae kichwani. Naona hii ndiyo njia pekee ya haki, kwa sababu kona ni zaidi ya 70 na nyingi zimefichwa nyuma ya vilele na miti. Kule Schwedenkreuz unafika kileleni kwa kasi kubwa bila kuiona kona ya kushoto iliyo mbele yako. Fuchsröhre inakutumbukiza bondeni, mwili unagandamizwa kitini, halafu ukipanda tu inakupokea Adenauer Forst, kona mbili kali zinazofuatana, na anayeingia huko kwa kubahatisha huishia majanini.

“Kona uliyomo imeshapita,” mkufunzi alikuwa akisema redioni. “Tazama unakotaka kutokea.” Alilisema hilo mchana kutwa, na kila aliposema niligundua macho yangu yamerudi tena karibu na boneti. Nikiyapeleka mbali, mikono ilitulia yenyewe.

Kona ya Karussell tuliikagua kwa miguu. Ina jina la Rudolf Caracciola, Mjerumani aliyeshinda mbio za ufunguzi mwaka 1927. Upande wake wa ndani ni mtaro wa zege uliolala kama ukingo wa bakuli, na kutoka chini mwisho wake hauonekani. Ukiingia mapema utatupwa nje mapema, kwa hiyo unasubiri, unasubiri tena, ndipo unazishusha tairi za kushoto.

Karibu na kona ya Bergwerk tulipunguza mwendo. Ni eneo hilo ambako Niki Lauda, dereva wa Formula One, alipata ajali tarehe 1 Agosti 1976, gari likawaka moto, na madereva wenzake ndio waliomtoa. Formula One haikurudi tena kwenye mzunguko huu. Ukipita pale unaelewa: uwanja mrefu namna hii, kumfikia mtu kwa haraka ni kazi ngumu.

Baadaye mvua ikanyesha, nami nikaifurahia kwa dhati. Huku Eifel inaweza kumwagika upande mmoja wa uwanja na upande mwingine ukabaki mkavu. Ile njia tuliyoikariri asubuhi ikageuka utelezi, kwa kuwa mpira wa tairi unaobaki kwenye lami, pamoja na rangi za maandishi ya mashabiki, huteleza vikilowa. Ikabidi tupite nje zaidi, kwenye lami isiyosuguliwa. Hapo mtu aliyekariri tu alikwama. Aliyejifunza kutazama aliendelea.

Mzunguko wa mwisho ulikuwa mzima, bila kusimama. Kuanzia Breidscheid hadi Hohe Acht redio ilinyamaza. Pflanzgarten, mahali gari linapotaka kupaa, sauti ikatoka mara moja: “Nyoosha usukani kwanza.” Nilikuwa nimeshaunyoosha. Tulipoingia Döttinger Höhe, mnyooko unaozidi kilomita mbili, tuliagizwa kupunguza mwendo ili breki zipoe, nami nikaanza kuzitaja kona kwa sauti, moja baada ya nyingine, kuanzia Hatzenbach.