Tulivyopata orodha ya wazee wa mtaa wetu hapa Tanga, mkutano tukauweka mwisho

Kikundi chetu ni cha kufa na kuzikana tu. Hatuna ofisi wala mfadhili, daftari linakaa kwangu kwa vile mimi ndo katibu, na masufuria ya msibani yanakaa kwa mama mmoja nyuma ya msikiti. Huku Ngamiani vikundi vya hivi viko karibu kila barabara. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani tulikuwa na mradi au kuna posho ilikuwa inatembea, maana hilo ndo swali la kwanza ninaloulizwa. Tulichokuwa nacho ni kimoja, tunajua kila nyumba nani anaumwa na nani kapungukiwa, kwa sababu msiba ukitokea sisi ndo tunaogongewa mlango usiku.

Suala lenyewe lilikuwa matibabu ya wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ipo toka 2003, inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na utaratibu unasema mzee asiyejiweza atibiwe bure: mtaa unamtambua, jina linapita kwa mtendaji, linakwenda kata, ustawi wa jamii wanahakiki, halmashauri inatoa kitambulisho. Kwenye karatasi safi kabisa. Mtaani sasa, wazee kibao hawana hicho kitambulisho, na wachache walionacho wakifika dirishani wanaambiwa dawa ya presha imeisha, kanunue nje. Na mkutano wa mtaa ukiitishwa wanakuja wale wale, wanaume watano wenye sauti na vijana wawili waliotumwa, bibi zetu wenyewe hawaji, magoti hayaruhusu, halafu umetangazwa saa mbili unaanza saa nne na jua lishakuwa kali.

Mwenyekiti wa mtaa aliyeingia baada ya uchaguzi wa Novemba 2024 akatuomba tumsaidie kuhamasisha watu wajae mkutanoni. Tukamwambia mwenyekiti, kwa heshima zote, mkutano tuuweke mwisho, kwanza tuwafuate watu pale wanapokaa kila siku. Akasita kidogo, nadhani aliona kama tunamnyang'anya kazi, lakini akakubali na mtendaji akatuandikia barua ya utambulisho. Hiyo barua usiipuuze, bila mhuri wa mtendaji kuna nyumba hawakufungulii, wanajua we ni mtu wa mikopo.

Basi tukagawana. Wazee wa kiume tuliwapata kwenye vijiwe vya kahawa baada ya alasiri, bao linachezwa na kashata ipo, unakaa unanunua kikombe unasikiliza. Kina mama wakaenda kwa kina mama, kwenye vikoba na kwenye shughuli. Wakristo wakasema nao jumuiya zao zina orodha ya wagonjwa, tukaichukua. Vijana wa bodaboda walitusaidia kuliko nilivyotegemea, wao ndo wanaobeba bibi wa watu kwenda zahanati kwa hela ya kuungaunga na wanajua nani analipiwa na nani anaomba alipe kesho.

Tabu ya kwanza ilikuwa umri. Cheti cha kuzaliwa hana, kitambulisho cha NIDA wengine wanacho ila tarehe yenyewe ilikadiriwa tu siku ya kujiandikisha, unakuta mtu na mdogo wake karatasi inasema mdogo ndo mkubwa. Hapo mwalimu mmoja mstaafu akatupa njia, akasema achaneni na tarehe, waulizeni matukio. Aliyekuwa anatembea siku ya Uhuru, Desemba 1961, huyo kapita sitini bila ubishi. Na mama aliyekuwa na mtoto mgongoni wakati wa vita ya Kagera, 1978, naye mhesabu. Nilimuuliza bibi mmoja, shikamoo bibi, Uhuru ulikukuta wapi? Marahaba mwanangu, akasema, Uhuru umenikuta nishavunja ungo, nipo ndani nafundwa, nikasikia vigelegele nje nikadhani kuna harusi. Nikaandika hivyo hivyo kwenye safu ya maelezo, na afisa alipokuja kuhakiki alisoma akacheka akatia tiki.

Tabu ya pili ndo ilikuwa nzito, na hapa ndo naona wananchi waliingia kwenye sera kwelikweli badala ya kuja kupiga makofi. Asiyejiweza ni nani? Fomu tuliyopewa ilikuwa inauliza kama mzee ana nyumba, ana shamba, ana mtoto mwenye kazi. Sasa Ngamiani nyumba za urithi zimejaa, bibi ana vyumba sita jina lake, lakini vyumba vimekaliwa na wajukuu na hakuna anayelipa hata senti, bati linavuja na yeye anakula kwa jirani. Ukifuata fomu huyo ni tajiri. Kuna mzee mwingine watoto wake wawili wako Arabuni, kila mtu anajua wako Arabuni, kinachojulikana na wachache ni kwamba hawajatuma kitu toka waondoke. Mbele ya fomu huyu naye ana wa kumtunza.

Tukaliuliza swali hilo kila kijiwe na kila kikoba, wewe ungemjuaje mzee asiyejiweza? Majibu hayakuwa ya vitabuni. Wakasema angalia usiku anakula nini na kimetoka wapi, angalia nani analipa bili ya maji, angalia akiumwa nani anatoa nauli. Mama mmoja muuza mihogo akasema mie nitawaonyesha, akatoa daftari lake la mkopo, la shule lile la kurasa 48, limekunjamana na limelowa mafuta, kuna majina humo yanachukua kipande cha mia mbili kila jioni na kulipa ni mpaka Mungu afungue. Hakuturuhusu kuandika majina, alituonyesha kwa kidole tu, na mimi naona alifanya jambo la busara sana.

Maana aibu nayo ipo. Mtu wa Tanga umwambie mbele za watu kwamba hajiwezi? Kuna mzee alifanya kazi miaka na miaka kwenye mkonge, alinitimua kibarazani kwake, mie si maskini bwana, nenda kaandike maskini wenzio. Kwa hiyo tukakubaliana orodha ziwe mbili. Ya kwanza ni ya wazee wote wa mtaa, tajiri na maskini, hiyo inasomwa hadharani na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ya pili, ya nani asaidiwe, haisomwi kwa sauti, inapitiwa na watu wachache wanaoaminika kutoka kila upande. Na kwenye hao wachache palikuwa na vuta nikuvute, wengine walitaka mabalozi wa nyumba kumi tu, wengine wakasema balozi ni mtu wa chama na tumetoka kwenye uchaguzi juzi tu. Mwisho wakakaa balozi, mama wa kikoba, mtu wa msikitini, mtu wa kanisani na mwakilishi wa wazee wenyewe. Yule mzee wa mkonge, aliposikia orodha ya kwanza ni ya wote, alikuja mwenyewe kuuliza mbona jina lake limeandikwa vibaya.

Hapo ndo tukaitisha mkutano, na watu walikuja, kwa sababu kila mmoja alishaulizwa kitu na anataka kusikia kama kimeandikwa. Mwalimu mstaafu akasimama akawakumbusha Ibara ya 21 ya Katiba, kwamba raia ana haki ya kushiriki kwenye maamuzi ya mambo yanayomhusu, watu wakatulia. Maazimio yakawa mawili: safu ya "maoni ya mtaa" iongezwe kwenye fomu, na dawa za presha na sukari za wazee zitengewe hela.

Sasa wadau, kazi iko kwenye muhtasari. Usipoandikwa vizuri na kusainiwa, mkutano wenu ulikuwa maongezi tu. Tuliuandika siku hiyo hiyo, mahudhurio yakaambatanishwa, tukapeleka kata na tukaomba nakala yetu igongwe mhuri wa kupokelewa. Kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata mwenyekiti ni diwani, wenyeviti wa mitaa ndo wajumbe, vikundi kama vyetu mnaweza kualikwa ila kura hamna, kwa hiyo mwenyekiti wenu wa mtaa lazima awe ameielewa hoja hadi usingizini. Na angalieni kalenda. Mwaka wa serikali unaanza Julai, lakini mipango inakusanywa miezi mingi nyuma, ukija na hoja yako mwezi wa nne baraza la madiwani limeshapitisha bajeti, utaambiwa tumelipokea na ndo imetoka hiyo.

Ile safu ya maoni ya mtaa ilikubaliwa, si kwa fomu kubadilishwa, afisa ustawi alisema fomu haiko mikononi mwake, lakini akakubali karatasi ya ziada ibandikwe nyuma ya kila fomu, na anaisoma. Picha za pasipoti zilipigwa na kijana mmoja kwa simu, shuka la bluu limetundikwa ukutani kwenye baraza, bibi anakalishwa kwenye kigoda, wa studio akatuchapia kwa bei ya karatasi.

Dawa tulipitia mlango mwingine. Kituo cha kutolea huduma kina kamati yake ya usimamizi na ndani yake kuna wawakilishi wa wananchi, watu wengi hawalijui hili. Na toka mwaka wa fedha 2017/18 hela za mfuko wa pamoja wa afya, ule wanaochangia wafadhili, zinaingia moja kwa moja akaunti ya kituo, kituo kinatengeneza mpango wake na kamati inaupitisha. Tukamtafuta mjumbe anayetuwakilisha, tukampa idadi ya wazee wenye presha na sukari kwa barabara, siyo malalamiko, idadi. Dawa za presha zikaongezwa kwenye mpango. Za sukari bado zinakatika katikati ya mwezi na hilo tunalo tena kwenye muhtasari wa safari hii.

Vitambulisho vimetoka kwa mafungu, wapo wanaosubiri. Orodha tunaihuisha kila msiba unapotokea na kila mtu anapohamia, maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 nayo inazungumzia wasio na uwezo na hatutaki ije itukute tunaanza moja. Juzi wenye ulemavu walio chini ya sitini wamekuja kuniuliza wao mbona hawamo. Sikuwa na la kubishana nao. Jumamosi tunaanza tena barabara kwa barabara, safari hii wao ndo wanatunga maswali.