Kigari cha viti viwili: nakipenda Hamburg, ila Dar sikileti

Kila nikirudi likizo, swali hunipokea kabla sijafungua begi: "Kale kagari kako utakaleta lini?" Huku Tabata wamekaona kwenye picha na video, na kila mtu ameshajipangia matumizi. Mpwa wangu anataka ajifunzie udereva. Mjomba anaona litamfaa kwa safari zake za Kariakoo, kwa sababu anaamini litaegeshwa hata pasipo na nafasi. Safari hii nimeamua kulishughulikia swali hili mpaka mwisho. Nimepiga hesabu za ushuru, nimekwenda kwenye maduka ya Gerezani kuulizia spea, nimekaa na fundi, na nimezungumza na mama. Gari haliji. Nataka kueleza sababu, maana najua wenzangu wengi wa Ulaya wanaulizwa hivi hivi na baadhi wameshaanza kutafuta nafasi kwenye meli.

Gari lenyewe ni Smart Fortwo la mwaka 2010. Urefu mita 2.7, upana mita 1.56, injini ya petroli yenye silinda tatu, cc 999, imekaa nyuma chini ya sakafu ya buti. Wazo la gari hili lilisukumwa na Nicolas Hayek, yule bwana wa saa za Swatch. Akashirikiana na Daimler-Benz, kiwanda kikajengwa Hambach, Ufaransa, na magari ya kwanza yakaingia sokoni mwaka 1998. Dereva na abiria mmoja, basi.

Nianze na sifa zake, maana hili gari nalipenda kwa dhati. Naishi Altona, Hamburg, Ujerumani, mitaa ya zamani, maghorofa yamebanana na karibu kila mtu anaegesha barabarani. Kazi yangu ni ya zamu, hospitalini. Mtu anayetoka zamu ya usiku, miguu imemvimba, hana hamu ya kuzunguka mtaa akisaka maegesho. Mimi natafuta kile kipande kilichobaki mwishoni mwa mstari, ambacho wenye Golf na Passat wamekiangalia wakakiacha. Naingia, nazima, napanda kulala. Likigeuka linahitaji duara la mita 8.75 tu, kwa hiyo mitaa mingi naigeuzia mara moja bila kurudi nyuma. Mafuta ni lita tano hivi kwa kilomita mia. Hata kodi ya gari kule kwa rika la gari langu huhesabiwa kwa ukubwa wa injini, euro 2 kwa kila cc 100 za petroli, halafu kinaongezwa kiasi kinachotegemea moshi. Mwenye injini ndogo anapata nafuu.

Na ndani hakubani kama watu wanavyodhani. Waliolibuni walikisogeza kiti cha abiria nyuma kidogo kuliko cha dereva ili mabega yasigombane, na utaona faida yake siku ya baridi, watu wazima wawili na makoti yao mazito. Mlango wa buti umegawanyika: kioo kinafunguka kwenda juu, kipande cha chini kinashuka na kuwa kama benchi. Huwa nakaa hapo kubadili viatu. Mgongo wa kiti cha abiria unalala mbele, kwa hiyo ukiwa peke yako unaingiza mzigo mrefu ambao hata mwenye gari kubwa angeufikiria mara mbili.

Kasoro zake pia nazijua. Gia zinajibadili zenyewe, ila usifikirie otomatiki ya Toyota. Ndani kuna klachi ya kawaida inayosukumwa na mota, na kila gia inapopanda gari linasita, vichwa vinainama mbele, kisha safari inaendelea. Dawa yake ni kulegeza mguu kwenye mafuta pale unapohisi linataka kubadili. Halafu kuna upepo. Pale bandarini kuna daraja la Köhlbrand, limepanda zaidi ya mita 50 juu ya maji, na malori ya makontena hayaishi. Gari fupi la kilo mia saba na kitu likipigwa ubavuni na upepo wa mto Elbe, unausikia mkononi moja kwa moja. Huwa nashika usukani kwa mikono yote miwili mpaka nifike ng'ambo.

Suala la ajali lazima nilitaje. Fremu yake ya chuma ni imara, hilo halina ubishi. Lakini mwaka 2009 IIHS, taasisi ya Marekani ya usalama wa barabarani, iligonganisha Smart na Mercedes C-Class uso kwa uso, na dogo likarushwa hewani likazunguka. Uzito ndio uliolishinda. Nikisimama kando ya Barabara ya Mandela usiku, Scania na Fuso zinapishana, jaribio lile linanijia kichwani lenyewe.

Hayo yote nayamudu. Kinachoniuma ni viti kuwa viwili. Nikiwa kazini na nyumbani, mimi na mfuko wangu wa chakula, gari linanitosha. Jumuiya yetu ya watu wa nyumbani inapokutana ndipo linaponielemea. Tulikuwa na hitima Wilhelmsburg, msiba wa mwenzetu aliyefiwa na baba yake huku nyumbani na hakuwahi kuja kuzika. Tumemaliza usiku, mvua nyepesi ya Novemba, kina mama wamesimama kibarazani na mahotipoti ya pilau mikononi. Wenye magari ya viti vitano wanapanga: wewe na wewe mnaelekea Harburg, ninyi Barmbek. Mimi nina nafasi ya mtu mmoja. Nikamchukua mama mmoja anayeumwa magoti, na hotipoti lake akalipakata. Wengine wakateremka kwa miguu kwenda kituo cha treni, na hakuna aliyenilaumu. Ila mtu aliyekulia Dar, nyumba ambayo gari la jirani lilikuwa la mtaa mzima, kupita na kuwaacha watu wazima kwenye mvua ni jambo linalokaa rohoni.

Sasa tulilete huku. Hamburg na Dar ni miji dada tangu 2010, yote miwili miji ya bandari, yote ina foleni na mitaa iliyobanana, na watu wanadhani kinachofaa kule kitafaa huku. Hebu tazameni bajaji. Urefu wake ni mita 2.6 na kidogo, karibu sawa kabisa na gari langu, upana wake ni mdogo zaidi, na nyuma wanakaa watatu. Inapita vichochoro vya Manzese na Tandale ambavyo mimi nisingethubutu kuingia. Ikiharibika inatengenezwa ilipoharibikia, na spea ziko kila kona. Gari dogo la mjini Dar tunalo tayari, tena linabeba mara tatu ya abiria wangu. Nikiliweka langu barabarani ninachukua nafasi ile ile kumbeba mtu mmoja.

Maegesho ya Kariakoo, ambayo ndiyo hoja kubwa ya mjomba, nayo nimekwenda kuyaangalia kwa macho yangu. Altona kile kipande kidogo kinabaki wazi kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kukitumia. Mtaa wa Msimbazi hakibaki. Pakiwa na mita mbili pana bodaboda tano, au meza ya viatu, au mtu amemwaga mzigo wake anausubiri mkokoteni. Na ushuru wa maegesho haupimi urefu wa gari.

Fundi niliyekaa naye ni mtu makini, hakukimbilia kuniambia linawezekana. Aliangalia picha kwenye simu, akakuza, akauliza, "Dada, spea tairi linakaa wapi?" Nikamwambia halina, unapewa chupa ya gundi na pampu ndogo. Akafikiri. "Hiyo gundi itaziba msumari. Tairi likipasuka ubavu kwenye shimo je?" Nikamweleza zaidi: tairi za mbele ni nyembamba kuliko za nyuma, 155/60 mbele na 175/55 nyuma, zote rimu 15, kwa hiyo hata ukibeba tairi la akiba lazima ujue umelibebea upande gani. Akatikisa kichwa. Tukaja kwenye matuta. Umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma haufiki mita 1.9, na gari fupi namna hiyo likipanda tuta linainua pua, likishuka linainua mkia, unayumba mbele na nyuma mpaka ufike. Barabara za ndani za Tabata na Kimara zina matuta yasiyo na kipimo, mengine wananchi wameyachimba wenyewe. Na ile klachi ya mota, kwenye foleni ya kusogea hatua moja moja toka Ubungo, itakuwa inashika na kuachia mchana kutwa juani. Ikigoma inataka kompyuta inayoielewa, na Gerezani nilikopita wote walinielekeza kwenye Vitz na IST kabla sijamaliza sentensi.

Tena kuna jambo ambalo mtu wa Dar atalielewa upesi: injini ipo chini ya buti, na sakafu ya buti inapata joto. Kule kwenye baridi joto hilo halinisumbui. Huku ukitoka soko la samaki la Feri na kibua na changu kwenye mfuko, foleni ya Buguruni inakusubiri, ufike nyumbani na samaki wa namna gani?

Ushuru una sura mbili. Kwa kuwa injini haizidi cc 1,000, gari linasamehewa ushuru wa bidhaa unaotozwa kwa ukubwa wa injini, na hilo ndilo watu huliimba. Lakini ushuru wa forodha wa asilimia 25 upo, VAT ya asilimia 18 ipo, na gari la mwaka 2010 linaingia kwenye tozo ya uchakavu. Ongeza meli na bandari. Na kwa huko mbele, uzalishaji wa Fortwo ulifungwa mwaka 2024, kampuni sasa inashirikiana na Geely ya China na inauza magari makubwa ya umeme. Spea bado zipo nyingi Ulaya, ila kila moja utaiagiza na kuisubiri.

Aliyefunga mjadala ni mama. Nilimwonyesha picha ya ndani, akaitazama muda mrefu. "Hili ni gari la mtu na mgeni wake," akasema. "Mimi nikienda kliniki huwa naenda na mdogo wako na dada wa nyumbani. Wewe unaegesha, mwenzako ananishika mkono, mwingine anawahi kukata namba. Humu utanishusha peke yangu getini?" Sikuwa na la kumjibu. Kisha nikakumbuka usukani. Gari langu lina usukani wa kushoto, na huku tunaendesha kushoto, kwa hiyo dereva anashuka kwenye ukingo salama na abiria anafungulia mlango katikati ya barabara, upande bodaboda zinapopita bila kupunguza mwendo. Mama yangu ana miaka zaidi ya sabini. Hapo nilifunga simu.

Fedha ambazo zingeliwa na meli na forodha nazipeleka kwenye Toyota Raum iliyokwishaingia nchini, ile yenye milango ya nyuma ya kusukuma. Mtu mwenye magoti mabovu anaingia bila kujikunja, na nyuma wanakaa watatu. Mjomba amekubali kuniangalizia, ingawa bado ananung'unikia Kariakoo. Kigari changu kinabaki Altona kwenye kazi kinayoiweza.

Nina neno kwa kijana anayeishi Upanga au Posta, hana watoto, safari zake ni lami tupu, na moyo wake umeshaliangukia. Lako linaweza kukufaa, sikukatishi tamaa. Tafuta la Uingereza, lenye usukani wa kulia. Kabla ya kulipa, ingiza chapa, mwaka na modeli kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, ujue unachodaiwa. Mwambie muuzaji aliwashe likiwa limepoa na akurekodie video likipanda gia kutoka ya kwanza mpaka ya tatu, usikilize linavyosita. Kisha nunua huko huko tairi mbili za mbele, mbili za nyuma, na ile mota ya klachi, uzifunge kwenye buti kabla gari halijapanda meli.