Kilomita 780 na Shangazi: kumbukumbu za maandalizi

Zimebaki wiki 30

Naanza kuandika mapema kwa sababu Shangazi ameshaanza kusimulia safari yetu kana kwamba tumekwenda na kurudi. Ukweli ni kwamba tuna ramani moja, mwezi mmoja uliozungushiwa wino, na mabishano mengi. Tunakwenda kutembea Camino Francés, njia ya kale ya mahujaji: tunaanzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa, tunavuka milima ya Pyrenees, kisha tunaikata Uhispania ya kaskazini hadi Santiago de Compostela. Ni takriban kilomita 780, zote kwa miguu. Yeye ana miaka 63, mimi 34. Wazo ni lake.

Septemba tuliipata kwa kufuta miezi mingine. Julai na Agosti, uwanda wa Meseta kati ya Burgos na León ni jua kali na kivuli cha kutafuta. Kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31 njia ya juu ya siku ya kwanza hufungwa kwa ajili ya hali ya hewa ya milimani. Katika iliyobaki tukachagua Septemba.

Wiki 23: makaratasi

Nilidhani kwa kuwa tunaingilia Ufaransa, viza tuombe kwa Wafaransa. Kumbe sivyo. Viza ya Schengen, viza moja ya kundi la nchi za Ulaya zikiwemo Ufaransa na Uhispania, unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na sisi Ufaransa tutalala usiku mbili tu. Maombi yanapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na pasipoti lazima ibaki hai angalau miezi 3 baada ya kutoka kule. Ya Shangazi ilikuwa inakufa miezi miwili baada ya kurudi, kwa hiyo tukaanza na kuifanya upya.

Halafu nikafanya uzembe wangu. Bima ya safari inatakiwa igharimie matibabu hadi euro 30,000 kwa uchache, na hiyo nilihakikisha. Nisichohakikisha ni tarehe. Nilikata bima ya siku 40, ilhali tiketi zetu zinasema siku 42. Dada wa dirishani akaupitisha wino kwenye tarehe zote mbili taratibu, kisha akauliza, “Na hizi siku mbili za mwisho mtaugua kwa gharama ya nani?” Tukarudi nyumbani na mafaili yetu. Njia nzima Shangazi hakusema neno, na ukimya wake ulikuwa mzito kuliko begi lolote nitakalobeba.

Wiki iliyofuata tulirudi, yakapokewa.

Wiki 19: miguu

Mazoezi: Jumanne na Alhamisi ngazi, Jumamosi matembezi marefu. Ngazi si za kupunguza tumbo. Siku ya kwanza kutoka Saint-Jean hadi Roncesvalles ni kama kilomita 25, na unapanda zaidi ya mita 1,200 kabla ya kuanza kushuka. Kushuka ndiko kunakoua magoti, kwa hiyo ngazi tunazipanda kwa kasi na kuzishuka kwa adabu.

Jumamosi tulitembea kilomita 18. Nilivaa buti mpya za ngozi, nzito, zisizopitisha maji, zile za picha za wapanda milima. Saa ya tatu nikaanza kusikia kitu cha moto kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Nikajikaza. Nilipovua soksi, lengelenge lilikuwa limevimba ukubwa wa punje ya mahindi, na la pili lilikuwa njiani kisiginoni.

Shangazi hakuwa na hata moja. Viatu vyake ni vyepesi, vya kitambaa, na amevinunua namba moja juu ya kawaida yake, tena jioni, maana mguu huvimba ukishinda umesimama. Soksi zake ni nyembamba za sufu, na katikati ya safari hukaa chini, akazivua, akavaa nyingine kavu. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo nikadhani ni uzee. Lengelenge ni kazi ya msuguano, joto na unyevu vikikutana, na buti zangu zilikuwa zimevifungia vyote vitatu ndani.

Buti nimempa mtu.

Wiki 14: mizani

Watembeaji wa njia hii wana kanuni: begi lisizidi asilimia 10 ya uzito wako. Shangazi ana kilo 60, kwa hiyo kikomo chake ni kilo 6, begi lenyewe likiwemo. Tukaweka mizani ya jikoni mezani na jedwali kwenye kompyuta, tukapima kitu kimoja kimoja.

Mara ya kwanza begi lake lilisoma kilo 9.4. Ndani mlikuwa na mataulo mawili makubwa, chupa nzima ya shampuu, sweta tatu, riwaya mbili na pasi ndogo ya umeme.

“Pasi, Shangazi?”

“Nitaingia kanisani Santiago nimekunjamana?”

Pasi ilitoka baada ya siku mbili. Riwaya moja ilibaki, tena alikata jalada lake gumu kwa kisu bila mimi kumwambia, akaniletea gramu 90 kiganjani kama mtu anayelipa deni. Naye akaligeukia begi langu. Lenzi ya pili ya kamera ikatoka. Jaketi la pili likatoka. Chaja tatu zikawa moja. Betri ya akiba ya simu ilibaki, ila haisafiri kwenye mzigo wa chini ya ndege. Lazima uwe nayo ndani. Fimbo za kutembelea tutazinunua kule kule Saint-Jean kuliko kubishana uwanjani kuhusu ncha zake.

Kitu ambacho wengi hukisahau kwenye hesabu ni maji. Lita moja ni kilo moja, na huwezi kuikata kwa kisu.

Wiki 9: mwendo

Hapa ndipo tulipogombana kweli.

Mimi hutembea kilomita 5 kwa saa. Yeye tatu na nusu. Kwa kilomita 20, mimi namaliza kwa saa 4, yeye anakaribia saa 6. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikijifanya sijali: natembea nyuma yake, napunguza hatua, nasimama kupiga picha za majani. Jumamosi iliyopita, kilomita ya 12, alisimama ghafla nikakaribia kumgonga.

“Tangulia.”

“Hapana, tuko pamoja.”

“Mwanangu, ukitembea polepole kwa ajili yangu nakusikia huko nyuma ukihesabu. Tangulia.”

Nikatangulia nimenuna. Nilimsubiri saa nzima chini ya mti, nikiwa nimeandaa maneno. Akafika anaimba. Maneno yakanikauka.

Tumekaa tukapanga upya kila kitu kwa kudhani kwamba mchana hatutakuwa pamoja. Asubuhi tunatoka mlango mmoja. Tunakubaliana kijiji cha kupumzikia na kijiji cha kulala, na hakuna anayepita kijiji cha kulala hata kama miguu inamruhusu. Anayetangulia anakuta vitanda na kuanza kufua. Kupotea si hofu kubwa, maana njia ina mishale ya manjano kwenye kuta, miti na mawe. Kazi hiyo ilianzishwa miaka ya 1980 na Elías Valiña, padri wa O Cebreiro, aliyezunguka na makopo ya rangi.

Uamuzi huo ulivuruga jedwali. Kama hatuko pamoja, hatuwezi kuwa na mfuko mmoja wa dawa, wala pesa zote kwa mtu mmoja. Kila mtu sasa ana pasipoti yake, credencial yake, yaani kijitabu cha hujaji cha kugongewa mihuri njiani, dawa zake za malengelenge, nakala ya bima na orodha ya tulikoweka nafasi. Vidonge vyake vya presha viko kwenye maboksi yake ya asili pamoja na cheti cha daktari.

Siku ya kwanza tumeigawa. Tutalala Orisson, kama kilomita 8 juu ya Saint-Jean. Vitanda vya pale ni vichache, nimeshaweka nafasi. Mimi ningependa kuimaliza siku ile kwa mkupuo. Sikulisema hilo kwa sauti.

Wiki 5

Viza zimetoka. Jumamosi na Jumapili tumetembea kilomita 22 kwa 20, siku ya pili ndiyo kipimo. Goti lake la kulia linalalamika kwenye mteremko. Tumekubaliana kwamba likizidi, begi lake litatangulia kwa gari. Kuna huduma za kusafirisha mabegi kutoka kituo hadi kituo. Alikubali upesi mno, nadhani ananidanganya.

Wiki 2

Upimaji wa mwisho. Begi la Shangazi: gramu 5,940. Nikampongeza. Akaenda chumbani, akarudi na jiwe jeusi, laini, la ukubwa wa yai, akaliweka juu ya mizani mwenyewe. Gramu 310.

Baada ya León, kwenye kilima cha mita kama 1,500, kuna Cruz de Ferro, msalaba wa chuma juu ya nguzo ndefu ya mti. Watu huja na jiwe kutoka kwao wakaliacha chini yake. Rundo limekuwa kilima kidogo. Hilo nilikuwa nimemsimulia mimi mwenyewe. Na jiwe nalijua. Miaka yote lilikuwa juu ya meza ya marehemu baba, likikandamiza karatasi zake feni ikiwashwa.

“Limezidisha?” akauliza.

“Hapana, Shangazi.”

Alipokwenda kulala nikafungua begi lake, nikatoa sabuni ya kufulia na kamba ya kuanikia, gramu 330 zote pamoja, nikazitia kwangu. Jedwali nimelirekebisha. Yeye halifungui.