Sainasi: kipimo cha chumvi ndicho kilichozibua pua

Nilipata sainasi, yaani uvimbe wa matundu ya hewa yanayozunguka pua: pua iliziba, mashavu yakauma nikiinama, kamasi nzito ikashuka kooni. Kujifukiza kulisaidia kidogo tu. Matone ya kuzibua pua nayo hayafai kupita siku 3, maana pua huziba upya, tena zaidi.

Dawa ikawa kusafisha pua kwa maji ya chumvi. Chemsha maji yatokote dakika 1 (3 nyanda za juu), funika, yapoe hadi vuguvugu. Yasiyochemshwa yanaweza kubeba amiba, vijidudu hatari. Nusu lita inataka gramu 4.5 za chumvi, kama robo tatu ya kijiko cha chai. Hapa ndipo wengi hukwama: chumvi ikipungua, maji huchoma kuliko ikitosha, kwa kuwa chumvi yake hailingani na ya majimaji ya mwili.

Inama juu ya sinki, geuza kichwa upande, pumua kwa mdomo, sukuma maji hayo polepole kwa bomba la sindano la mililita 20, bila sindano, kwenye tundu la juu. Penga taratibu, ukipenga kwa nguvu, maji huingia masikioni. Rudia asubuhi na jioni.

Jicho likivimba, homa ikipanda, au zikipita siku 10 bila nafuu, nenda hospitali.