Nilivyopata miche bora ya matufaha kwa njia ya posta

Hapa Ohio, katalogi za miche huanza kufika katikati ya majira ya baridi, theluji ikiwa bado imefunika bustani, nazo huamsha tamaa ya kuagiza kila kitu. Miche ya mitufaha niliyoagiza kwa kampuni moja, ambayo si miongoni mwa nitakazozitaja hapa, ilifika ndani ya plastiki, mizizi mikuu ikiwa imekatwa karibu kabisa na shina na ile midogo imeota ukungu mweupe. Nilikwaruza gome kwa ukucha nikitafuta rangi ya kijani, nikakuta kahawia kavu. Fidia niliyopewa ilikuwa vocha ya kununulia miche mingine palepale.

Kabla ya kuagiza tena, nilikusanya katalogi zote nilizokuwa nazo nikasoma sehemu ambazo kwa kawaida hurukwa: anwani na masharti ya dhamana. Majina kadhaa niliyoyadhani washindani yalikuwa na mmiliki mmoja. Asili ya hali hiyo inajulikana. Foster & Gallagher ya Peoria, Illinois, iliwahi kumiliki majina makongwe ya biashara ya miche na mimea kama Gurney's, Henry Field's, Michigan Bulb na Spring Hill, na mauzo yake yalitegemea sana bahati nasibu zilizotumwa kwa posta pamoja na katalogi. Ilipoanguka mwaka 2001, majina hayo yalinunuliwa na kuwekwa katika kundi moja lenye makao Indiana, ilhali Stark Bro's ya Missouri, iliyoanzishwa mwaka 1816 na ambayo nayo ilikuwa mali yake, ilichukuliwa na wamiliki wengine.

Kinachonisikitisha zaidi ni kisa cha Heronswood, kitalu kilichoanzishwa na Dan Hinkley na Robert Jones mwaka 1987 huko Kingston, jimbo la Washington, kikasifika kwa mimea adimu. Kampuni ya mbegu ya Burpee ilikinunua mwaka 2000, na mwaka 2006 ikakifunga pale kilipozaliwa. Bustani yenyewe ilinusurika kwa kuwa kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, Port Gamble S'Klallam, liliinunua mwaka 2012.

Simaanishi kwamba kila jina lililouzwa limeharibika. Hata hivyo, anayenunua kampuni ya namna hii aghalabu hununua jina na orodha ya wateja, na mtu aliyeijua mimea anaweza kuwa ameshaondoka. Jina la zamani likabaki juu ya miche iliyooteshwa na mwingine na kukaa muda mrefu ghalani.

Kwa hiyo niliacha kuuliza bei kwanza. Nilipiga simu vitaluni nikauliza ni nani aliyeotesha miche, inang'olewa lini, na imebebeshwa juu ya shina gani la chini, yaani lile lenye mizizi. Swali hili la mwisho huchuja haraka, kwa sababu mwenye kitalu halisi atakutajia aina ya shina hilo, kama M.26 au MM.111, bila kusita, wakati muuzaji wa katalogi tu atakuambia kwamba mti "utakuwa mfupi kiasi". Niliuliza pia unene wa shina, maana urefu peke yake hudanganya, na nikaomba mzigo utumwe mapema, miche ikiwa bado haijachipua.

Kitalu nilichokichagua kina katalogi isiyo na mvuto, karibu yote ni maandishi, na gharama ya usafirishaji iliniuma kidogo. Miche ilikuja ikiwa imezungushiwa vipande vya magazeti yenye unyevu, mizizi mirefu imetawanyika pande zote, na kidonda cha kubebeshea, pale mti ulipoungwa na shina la chini, kimepona vizuri. Niliiloweka kwa saa chache, nikaipanda kidonda hicho kikiwa juu ya udongo, na yote ilichipua. Aina moja niliyoitaka sana ilikuwa imeisha. Mwenye kitalu alikataa kunipa mbadala, akaniandikisha kwa msimu uliofuata.